Chimbuko la Mafunzo ya Wanasihi wa Uraibu Marekani

Unasihi wa uraibu, yaani kazi ya kumwongoza mtu aliyetawaliwa na pombe au dawa za kulevya hadi aweze kuishi bila kilevi, haukuchipuka katika vyuo vya tiba, bali katika Kanisa la Emmanuel mjini Boston, ambako mwaka 1906 kasisi Elwood Worcester alianzisha huduma iliyounganisha sala na elimu ya nafsi. Miongoni mwa waliopona hapo alikuwamo Courtenay Baylor, wakala wa bima aliyefika mwaka 1911, ambaye baadaye aliajiriwa kuwahudumia walevi wengine; na kwa kuwa hakuwa daktari wala kasisi, stahili yake kuu ilikuwa kwamba aliwahi kuugua maradhi yaleyale.

Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi walioacha pombe ulioanzishwa mwaka 1935 huko Akron, Ohio, uliieneza huduma ya mlevi kwa mlevi mwenzake, lakini bila ujira, na mapokeo yake yaliyopitishwa mwaka 1950 yalisisitiza kwamba isigeuzwe taaluma. Kwa hiyo mtihani ulikuwa mgumu pale daktari Nelson Bradley na mwanasaikolojia Daniel Anderson, katika hospitali ya serikali ya Willmar, Minnesota, walipofungua milango ya wodi walimofungiwa walevi, kisha wakataka wanachama wa umoja huo walipwe mshahara na kufanya kazi bega kwa bega na wauguzi, madaktari na makasisi. Mwaka 1954 utumishi wa umma wa jimbo hilo uliutambua rasmi wadhifa wa mnasihi wa ulevi. Hatua hiyo yastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida, kwani iliyageuza maisha ambayo jamii iliyahesabu kuwa ya aibu yakawa ujuzi wa kuajiriwa.

Hata hivyo, aliyepona huelekea kuiona njia yake kuwa ndiyo njia ya kila mtu, na hapo ndipo mafunzo yalipohitajika. Kituo cha Hazelden, kilichofunguliwa mwaka 1949 na ambacho Anderson alikuja kukiongoza, kilianza katika miaka ya 1960 kuwafunza wanasihi kwa uanagenzi, yaani kujifunza kazini chini ya usimamizi wa mzoefu. Sheria ya mwaka 1970, iliyopiganiwa na seneta Harold Hughes wa Iowa, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, ilileta fedha za serikali kuu. Na penye fedha za umma paliulizwa nani anastahili kulipwa, ndipo majimbo yakaweka mitihani, saa za mazoezi na vyeti.

Suala hilohilo linaikabili Zanzibar, ambako nyumba za kupata nafuu, maarufu kama soba hausi, hufuata mwongozo wa hatua 12 uliotokana na Alcoholics Anonymous, na wengi wa wanaowaongoza vijana humo wameionja wenyewe arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa heroini.