Puli ya krenki: namna ya kuchagua inayofaa gari la barabara mbovu

Msikilizaji, kama unaishi kijiji ambacho masika yakianza basi halifiki, unaijua vizuri Land Cruiser ya zahanati au ya mnunuzi wa mazao. Ikilala njiani, mgonjwa hafiki hospitali na nyanya zinaozea shambani. Wengi wetu hulaumu springi na matairi. Leo tunaeleza kifaa kilichojificha mbele ya injini, ambacho watu hukikumbuka kikishaharibika: puli ya krenkishafti, ambayo kwa kifupi tutaiita puli ya krenki.

Kazi yake ni nini?

Tuchukue mfano wa injini ya Toyota 1HZ. Ni injini ya dizeli yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 4.2. Ilianza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na bado ni nyingi katika barabara zetu za vumbi na tope.

Puli yake ina kazi mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: inazungusha mikanda inayoendesha feni, pampu ya maji na alteneta. Ya pili haionekani. Krenki ikizunguka mara moja, silinda 3 huwaka. Kwa hiyo injini ikinguruma kwa mizunguko 800 kwa dakika, krenki hupokea mapigo 40 kila sekunde. Kila pigo huisokota kidogo, kisha inajirudisha. Krenki ndefu ya silinda 6 husokotwa zaidi kuliko fupi ya silinda 4. Kuna mwendo ambao mapigo hayo huongezana, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Hapo chuma huchoka, na siku moja hukatika.

Ndiyo maana puli hii si chuma kitupu. Ina kitovu kinachoshika krenki, duara zito la nje lenye mifereji ya mikanda, na katikati yao pete ya mpira. Mpira na uzito wa duara ndivyo vinavyomeza mtetemo.

Utajuaje kuwa imechoka?

Mpira huzeeka kwa joto, kwa miaka na kwa mafuta. Zima injini, toa ufunguo, kisha mulika kwa tochi ya simu. Angalia kama mpira umepasuka, umevimba au unachungulia nje. Washa injini ukiwa umesimama kando, nguo na mikono ikiwa mbali, uone kama duara linayumba. Mikanda inayolika upande mmoja au kuruka kila mara nayo ni dalili.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira hadi kwenye duara la nje. Tembea siku chache, kisha angalia tena. Ukikuta mstari umekatika na vipande havikutani, duara limeteleza juu ya mpira. Puli hiyo imekwisha. Tena alama za taimingi zilizoko kwenye duara haziaminiki, na fundi akizifuata atakosea.

Unapokwenda kununua

Kwanza, andika namba ya chesisi na aina ya injini. Jina Land Cruiser peke yake halitoshi, kwa sababu gari hilo limefungwa injini nyingi tofauti.

Pili, beba puli ya zamani dukani. Linganisha upana wa duara, tundu la kitovu, njia ya kii, idadi ya mifereji na umbo lake. Gari lenye kiyoyozi huweza kuhitaji mfereji wa ziada. Mkanda wa umbo la V haukai kwenye puli ya mkanda wa mistari.

Tatu, usidanganyike na puli ndogo na nyepesi za aluminiamu zinazosifiwa kuongeza nguvu. Chukua mfano huu: puli ya krenki yenye upana wa milimita 160 ikizungusha ya alteneta yenye milimita 80, krenki ikienda mizunguko 800, alteneta inakwenda 1,600. Ukiweka ya milimita 130, alteneta inashuka hadi 1,300. Pampu ya maji na feni navyo vinapungua kwa kiwango hicho hicho. Kwenye tope, gari likienda polepole na mzigo mzito, hapo ndipo injini inapochemka. Na kama puli hiyo haina mpira, krenki imebaki bila kinga.

Nne, ukinunua iliyotumika, kagua mpira kuliko rangi. Rangi mpya huficha mengi. Kagua pia sehemu laini ya kitovu inayogusa oili sili. Ikiwa na mtaro unaoshika ukucha, mafuta yatavuja, na mafuta hayo yataula mpira.

Makosa ya kuepuka

Kosa kubwa ni kuchomelea kitovu na duara vishikane. Gari litatembea na mikanda itazunguka, lakini mpira utakuwa umeungua na mtetemo wote utabaki kwenye krenki. Umeokoa pesa ya puli ukaweka rehani injini nzima.

Kosa la pili ni kuing'oa kwa nyundo. Mwombe fundi atumie pula. Wakati wa kufunga, kii ikae vizuri na bolti ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Bolti iliyolegea hutafuna kii na njia yake, na hapo tatizo linahama kutoka kwenye puli hadi kwenye krenki yenyewe.

1HZ hutumia mkanda wa taimingi, na puli ya krenki haihitaji kutoka ili mkanda huo ubadilishwe; hata hivyo, fundi akiwa anafanya kazi hiyo mbele ya injini, ni wakati mzuri wa kukagua mpira na kuangalia kama oili sili inavuja.

Ukimaliza kusoma, kachore ule mstari wa rangi kabla mvua hazijaanza.