Barabara Huchelewa Kabla Greda Halijafika: Fidia, Hati za Malipo na Kalenda ya Ujenzi Afrika Mashariki

Kando ya kila barabara kubwa inayojengwa Afrika Mashariki husimikwa kibao. Huandikwa jina la mradi, mwenye mradi, mhandisi mshauri, mkandarasi, mfadhili, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza ikipita na lami haijaonekana, wa kwanza kulaumiwa ni mkandarasi, kwa kuwa ndiye aliye mbele ya macho ya watu: mitambo ni yake, vifusi ni vyake, vumbi ni lake. Kibao hakisemi fidia ya ardhi ilikamilishwa lini, wala hati ya malipo ya mwisho ililipwa lini. Makala hii inadai kwamba tarehe hizo mbili zisizoandikwa huamua hatima ya barabara kuliko zile zilizoandikwa. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huzaliwa siku mkataba unapotiwa saini huku ardhi haijawa mikononi mwa serikali na fedha hazijatengwa.

Ushahidi wa karibu kabisa uko Kenya. Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kujengwa mwaka 2020. Mei 2022 magari yaliruhusiwa kupita kwa majaribio, na Julai mwaka huohuo ikazinduliwa rasmi. Kazi hiyo, ambayo sehemu yake ni daraja refu lililoinuliwa juu ya nguzo katikati ya jiji lenye msongamano, ilifanyika wakati wa janga la UVIKO-19. Katika miaka iliyofuata, barabara nyingi za kawaida nchini humohumo zilisimama, baadhi zikiwa na tuta lililokwisha kushindiliwa na makalvati yaliyokwisha kujengwa. Serikali ilikuwa ikidaiwa na makandarasi. Mwaka 2025 ilikubali kuuza haki ya kukusanya shilingi 7 kati ya shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara inayotozwa kwa kila lita ya mafuta, ili ipate shilingi bilioni 175 za kulipa madeni hayo. Makandarasi walipoanza kulipwa, mitambo ilirudi kazini.

Mvua zilikuwa zilezile na sheria za manunuzi zilezile. Hata aina ya kampuni zinazoshinda zabuni haikubadilika. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Waliojenga Nairobi Expressway walikuja na fedha zao, nao wanazirudisha kwa kutoza magari kwa miaka 27. Kila mwezi wa kuchelewa ungekuwa hasara yao wenyewe. Zaidi ya hapo, njia yake ilipita kwa sehemu kubwa juu ya barabara iliyokuwapo, kwa hiyo ardhi ya kutwaa ilikuwa kidogo. Sisemi kwamba mfumo huo ni mzuri kwa nchi. Mwananchi asiye na gari ameambulia kidogo sana pale, na gharama ya miaka 27 si ndogo. Ninachosema ni kwamba, kwa ushahidi huo, mahali ambapo fedha na ardhi viko tayari, uwezo wa kujenga kwa haraka upo.

Hati ya malipo na tabaka lisilofunikwa

Mikataba mingi ya barabara katika ukanda huu huandikwa kwa kufuata vielelezo vya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC. Utaratibu wake ni rahisi kuelewa. Kila mwezi mkandarasi hupima kazi aliyofanya na kuwasilisha maelezo yake. Mhandisi mshauri huyakagua na kutoa hati ya malipo. Mwenye mradi hulipa. Kielelezo cha mwaka 1999, ambacho kimetumika sana, kinampa mwenye mradi siku 56 tangu mhandisi apokee maelezo hayo. Asipolipa, deni huanza kuzaa riba. Mkandarasi naye, baada ya kutoa notisi ya siku 21, ana haki ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi kabisa. Kwa hiyo, mwananchi anapoona greda limeegeshwa chini ya mwembe miezi mitatu, anaweza kuwa anatazama haki ya kimkataba ikitumika, na uvivu haumo kabisa.

Hasara ya kusimama haihesabiki kwa siku za kusimama peke yake, na jambo hili halitiliwi maanani ya kutosha katika mijadala ya bajeti. Barabara hujengwa kwa matabaka. Tabaka la kifusi lililoshindiliwa likaachwa bila kufunikwa kwa lami huharibika: maji hulichimba, malori hulitia makorongo, na ule ugumu uliopimwa maabara hupotea. Malipo yakija baada ya masika, mkandarasi haanzii alipoishia. Huchimbua, huleta kifusi kipya, hushindilia na kupima tena. Katikati ya hayo, mitambo yake mingine imekwisha kuhamishiwa mradi wa mbali, mafundi wake wenye ujuzi wameajiriwa kwingine, na bei ya lami, ambayo tunaiagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni, haiko pale ilipokuwa. Miezi minne ya kutolipa huweza kuzaa mwaka mzima wa kuchelewa. Riba nayo hulipwa na mlipa kodi yuleyule aliyekuwa akila vumbi.

Kalenda inazidisha tatizo. Mwaka wa fedha wa Kenya, Tanzania na Uganda huanza Julai 1. Katika sehemu kubwa ya pwani na mashariki ya Tanzania na Kenya, masika huishia Mei au mwanzoni mwa Juni, kisha hufuata kipindi cha ukavu hadi vuli inapoanza Oktoba. Hiyo ndiyo miezi bora ya kujenga tuta na kumwaga lami. Lakini ni miezi hiyohiyo ambapo hesabu za mwaka uliokwisha zinafungwa, na fedha za mwaka mpya, ingawa zimepitishwa bungeni, bado zinasubiri kibali cha kutolewa hazina. Fedha zikifika Oktoba au Novemba, zimefika pamoja na mvua. Nimezungumza na wahandisi wa miradi kadhaa kuhusu hili, na wote wanalijua kama wanavyojua majina yao. Ni ajabu kwamba hatujawahi kulichukulia kuwa suala la sera.

Alama ya X

Ardhi ni chanzo cha pili, na kwa maoni yangu ndicho kinachoumiza zaidi, kwa sababu upande wa pili wa hesabu kuna nyumba ya mtu.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka meta 45 hadi meta 60. Nyumba zikapigwa alama. X nyekundu ilimaanisha kwamba aliyejenga aliingia ndani ya hifadhi ya zamani na hana fidia. X ya kijani ilimaanisha kwamba barabara ndiyo iliyomfuata, naye anastahili kulipwa. Wako wenye nyumba waliokaa na X ya kijani ukutani mwaka baada ya mwaka. Hawaendelezi nyumba kwa kuwa itabomolewa, na hawahami kwa kuwa hawajalipwa.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ilijaribu kuweka nidhamu. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, huongezwa riba. Miaka 2 ikipita, uthamini hupoteza nguvu na kazi hurudiwa upya. Ni sheria ya haki. Lakini tazama matokeo yake pale inapokutana na hazina isiyolipa: mthamini huhesabu minazi, vyumba na makaburi, hesabu inalala ofisini, muda unakwisha, mthamini anarudi kuhesabu vilevile kwa bei ya juu zaidi. Wakati wote huo mkandarasi anaruka vipande. Anajenga kilomita 3 hapa, anaacha meta 400 zenye mgogoro, anaendelea mbele. Barabara ya vipande haina faida kwa dereva wala kwa mchumi, ingawa katika taarifa itasomeka kuwa imefikia asilimia 70.

Uganda inatufundisha jambo hilihili kwa ukali zaidi. Katiba yake, ibara ya 26, inataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki kabla ardhi yake haijatwaliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitilia mkazo sharti hilo dhidi ya kifungu cha sheria ya zamani kilichoruhusu serikali kuingia kwanza. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe, yenye kilomita 51 pamoja na tawi lake la Munyonyo, ilianza kujengwa mwaka 2012 na kufunguliwa Juni 2018, na migogoro ya fidia ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuchelewa kwake. Serikali ilijibu mwaka 2017 kwa muswada wa kubadili katiba, ili iweze kuweka mahakamani kiasi cha fidia inachokiona kinafaa na kuendelea na kazi huku mgogoro ukisikilizwa. Upinzani ulikuwa mkubwa na muswada ukaondolewa.

Wapo wanaosema hapo Uganda ilipoteza nafasi. Sikubaliani nao. Mwenye shamba hakuchelewesha barabara. Alikuwapo shambani kwake kabla barabara haijachorwa, na michoro ilipopita juu ya migomba yake, mwenye mradi alijua. Aliyechelewesha ni aliyetia saini mkataba na kumpa mkandarasi eneo ambalo bado si la serikali. Nguzo za umeme na mabomba ya maji yana hadithi hiyohiyo, ila hayana mtu wa kuyasemea.

Hoja za upande wa pili

Mvua ni kweli. Kimbunga Hidaya, kilichopiga pwani ya kusini ya Tanzania Mei 2024, kilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga, na hakuna mkataba ambao ungezuia hilo. Lakini kumbuka historia ya njia hiyohiyo. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza adha ya kivuko, ilhali kilomita 60 za Ndundu–Somanga, kipande kilichobaki bila lami, zilingoja kama muongo mzima. Watu wa Lindi na Mtwara walivuka daraja la kisasa na kwenda kukwama kwenye tope. Kimbunga hakikuwa kimekuja bado.

Rushwa nayo ni kweli, na mzabuni wa bei ya chini asiye na mtaji yupo. Hata hivyo, malipo yanayochelewa hulisha rushwa, maana mwenye kujua mlango wa kugonga hulipwa kabla ya aliyefanya kazi vizuri, na mkandarasi mzalendo mwenye mtaji mdogo hufilisika kwanza. Tena, miradi kupita mipango yake si ugonjwa wa Afrika peke yake. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafiri katika mabara matano na kuonyesha mwaka 2002 kwamba karibu 9 kati ya kila 10 iligharimu zaidi ya makadirio; kwa barabara, wastani wa ongezeko ulikuwa takriban asilimia 20. Ushauri anaoutoa hadi leo ni kupanga polepole na kujenga haraka. Sisi hutia saini haraka, kwa kuwa jiwe la msingi hupigwa picha na fidia iliyolipwa haipigwi.

Kuna kitu kingine kinachoficha ukubwa wa tatizo. Mkandarasi akicheleweshewa ardhi au malipo, hupewa nyongeza ya muda, na tarehe mpya huchukua nafasi ya ile ya awali katika taarifa. Mradi wa miaka 3 uliofikisha miaka 6 huweza kuelezwa kwamba uko ndani ya muda. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna atakayejifunza kitu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na sheria moja fupi inayatosha yote. Mkataba wa ujenzi usitiwe saini kabla ya fidia kulipwa na nguzo kuhamishwa katika angalau robo tatu ya urefu wa barabara. Fedha za miezi 12 ya kwanza ziwekwe katika akaunti ya mradi kabla ya kazi kuanza, ili ukavu wa Julai usipite bure. Na vibao vyetu viongezewe mistari mitatu: tarehe ya awali ya kumaliza, ambayo haitafutwa kamwe, tarehe fidia ilipokamilika, na tarehe hati ya mwisho ya malipo ilipolipwa. Wabunge wanaopitisha bajeti za barabara waidai mistari hiyo kuanzia bajeti ijayo. Haihitaji mkopo, inahitaji rangi na brashi.