Mpokeaji mdogo mwenye mbio: nafasi yake katika ushambuliaji wa NFL

Kila mwezi Aprili, timu 32 za ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, huchagua chipukizi kutoka vyuo vikuu, na karibu kila mwaka hujitokeza kijana mwembamba ambaye hakuna wa kumfikia kwa mbio, lakini makocha humtazama kwa mashaka. Wasiwasi wao unaeleweka. Huu ni mchezo ambao mwenye mpira huangushwa chini kwa nguvu zote, na mabeki wanaomkabili hupimwa kwa uzito na ubabe.

Hata hivyo, mifano ya miaka ya karibuni inaonyesha kuwa hatima ya mchezaji wa aina hiyo huamuliwa zaidi na namna kocha anavyompanga kuliko na kimo chake.

Kazi ya mpokeaji ni kukimbia njia iliyopangwa na kudaka mpira unaorushwa na kiongozi wa safu ya ushambuliaji. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kikwazo cha kwanza cha mpokeaji mdogo huwa palepale anapoanzia, kwa kuwa sheria inamruhusu beki kumsukuma na kumzuia ndani ya yadi 5 za mwanzo. Mwenye kilo 77 akishikwa hapo na beki mzito, njia yake huvurugika na mrushaji hana muda wa kumsubiri.

Makocha wana dawa yake. Mpokeaji anaweza kuwekwa hatua moja nyuma ya mstari, au kuanza kutembea sambamba na mstari huo kabla mpira haujaanzishwa, ili beki asimpate kwa urahisi. Akishavuka zile yadi 5, ni beki anayekuwa mashakani. Mlinzi wa nyuma hulazimika kurudi nyuma zaidi kumchunga, na pengo linalobaki katikati hutumiwa na wenzake. Faida hiyo haionekani katika takwimu za mkimbiaji mwenyewe, ndiyo maana mashabiki wengi hawaihesabu.

DeSean Jackson ni mfano mzuri. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2008 katika raundi ya pili, akiwa wa 49 kuchaguliwa, kutoka Chuo Kikuu cha California. Alikuwa na futi 5 na inchi 10, na uzito wa takriban kilo 77. Miaka michache kabla yake, mpokeaji tegemeo wa timu hiyo alikuwa Terrell Owens, mwenye futi 6 na inchi 3 na zaidi ya kilo 100.

Kocha Andy Reid hakumtaka chipukizi huyo awe Owens mwingine. Mrushaji Donovan McNabb alikuwa na mkono wa kufikisha mpira mbali, hivyo Jackson alitumwa mbele kabisa. Msimu huo alidaka mipira 62 na kupata yadi 912, wastani wa yadi 14.7 kwa kila mpira, akiongoza timu nzima. Utoto nao ulijitokeza: Septemba 2008, dhidi ya Dallas Cowboys, aliuachia mpira kwa mbwembwe kabla hajavuka mstari wa goli, na goli lake likafutwa mbele ya Marekani nzima.

Kwa Tavon Austin mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2013 Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, walibadilishana nafasi na Buffalo ili wamchukue akiwa wa nane, nafasi ya juu mno kwa mchezaji wa futi 5 na inchi 8. Mwezi Oktoba mrushaji wao, Sam Bradford, aliumia goti na kumaliza msimu. Austin alipewa zaidi mipira mifupi karibu na mstari, akiachiwa apenye msitu wa mabeki peke yake.

Alidaka mipira 40 kwa yadi 418. Lakini yadi 138 kati ya hizo alizipata kwa mipira miwili tu, katika mechi moja ya Novemba dhidi ya Indianapolis Colts. Siku hiyo pia alirudisha mpira uliopigwa na wapinzani kwa yadi 98. Mipira 38 iliyobaki ilimpa wastani wa yadi 7.4 tu. Yaani alipotumwa mbali alitisha. Alipowekwa karibu alikabika. Katika miaka yake yote ya NFL hakuwahi kufikisha yadi 600 za kupokea kwa msimu.

Mwaka 2016 Reid, akiwa sasa Kansas City, alimchukua Tyreek Hill katika raundi ya tano. Si kimo kilichomshusha Hill: mwaka uliotangulia alikuwa amekiri mahakamani kosa la kumpiga mpenzi wake, na timu nyingi zilimkwepa. Msimu wa kwanza alitumiwa kama kiungo cha mchuzi. Wastani wake wa kupokea, yadi 9.7, ulikuwa chini hata ya ule wa Austin, lakini alifunga mara 12 kwa kupokea, kukimbia na mpira mkononi na kurudisha mipira ya wapinzani. Mwaka 2017 ndipo alipofanywa mpokeaji mkuu, akapata yadi 1,183.

Subira hiyo ililipa Februari 2020, katika fainali dhidi ya San Francisco 49ers. Kansas City wakiwa nyuma kwa 20-10 na wakihitaji yadi 15, Patrick Mahomes alimrushia Hill mpira wa yadi 44. Walishinda 31-20.

Gharama ya mwili mdogo hata hivyo haifutwi na mbinu. Oktoba 17, 2010, Jackson aligongwa na beki wa Atlanta, Dunta Robinson, kwa kishindo kilichowatoa wote wawili uwanjani wakiwa na mtikisiko wa ubongo. Alikosa mechi iliyofuata.

Desemba 19 mwaka huohuo, Eagles na New York Giants walikuwa sare ya 31-31 zikiwa zimebaki sekunde chache. Kocha wa Giants alimwagiza mpigaji wake autoe mpira nje ya uwanja, mradi tu usimfikie Jackson. Ulimfikia. Ulimponyoka mikononi, akauokota, akakimbia nao yadi 65 hadi golini, na muda ukawa umekwisha.