Ufunguo Anao Nani?

Mwaka 1995, Char Davies, msanii wa Kanada, alionyesha Osmose jijini Montréal. Unavaa kofia ya skrini na fulana ya kupima pumzi: ukivuta hewa unapaa, ukiitoa unashuka. Hakuna bunduki, hakuna pointi. Shida ni kwamba kompyuta ya kuiendesha ilikuwa ya bei ya makampuni makubwa.

Mwaka uliofuata ikatoka gemu ya Quake. Watengenezaji waliwaachia wachezaji nafasi ya kuibadilisha. Wasanii wawili wanaojiita JODI wakaivuruga hadi kuta zikageuka mistari tu, wakaiita Untitled Game. Shule yao ilikuwa hiyo: haribu, angalia, rudia.

Halafu 2005, jamaa watatu walioanzia Copenhagen, ambao gemu yao GooBall haikununuliwa sana, wakauza injini yenyewe: Unity. Mwaka 2009 wakatoa toleo la bure. Ndiyo maana leo msee wa Nairobi mwenye laptop ya kuazima anaweza kujenga chumba ambacho ukikaribia taa, inazima papo hapo.

Lakini mlango wa bure una mwenyewe. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa, ukishapita kiwango fulani. Watengenezaji wakawaka. Ada ikafutwa mwaka mmoja baadaye, lakini baadhi walikuwa wamehamia Godot, injini ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2014.

Kwa hivyo ukianza kujifunza, usiulize tu injini gani ina picha kali. Uliza ufunguo anao nani.