Mfugaji wa nyanda kavu na malaria ya bondeni

Ukikaa Dodoma miaka kadhaa, ni rahisi kusahau chandarua. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, wastani haufiki milimita 600, na madimbwi hukauka mapema. Malaria ipo, lakini ni kidogo ukilinganisha na Lindi au Kigoma. Raha, si ndiyo? Sasa ngoja uone upande wa pili.

Kinga dhidi ya malaria hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara tangu utotoni. Si kinga kamili, na hupungua. Kwa hiyo mtu mzima aliyekulia nyanda kavu akihamia bondeni, malaria inaweza kumpiga vibaya kuliko mwenyeji wa rika lake.

Wachukue Wabarbaig, ambao wengi tunawaita Wamang'ati. Malisho yao ya asili yako Hanang, juu kwenye baridi. Miaka ya 1970 shirika la serikali, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilipanua mashamba ya ngano huko, na zaidi ya ekari 70,000 za malisho zikaondoka. Familia nyingi zikahama na mifugo, nyingine zikafika bonde la Usangu, Mbeya. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na huko pia, kwa hoja ya kunusuru maji ya Ruaha Mkuu, yaani maji yanayojaza bwawa la Mtera, hapa mpakani mwa Dodoma na Iringa. Wakaelekezwa Pwani na Lindi: Rufiji, Kilwa. Joto, mito, mbu mwaka mzima. Mjadala ulikuwa wa maji, ng'ombe na fidia. Mimi ningeuliza pia: hawa watu wanahamia huko na kinga gani?

Na vyandarua je? Hati Punguzo ilianza 2004, na mjamzito aliipata kliniki. Kama kambi yako iko kilomita 30 kutoka kliniki, basi tena. Halafu kijana anayelinda ng'ombe usiku analala nje, kando ya zizi, na mbu aina ya Anopheles arabiensis huuma ng'ombe na binadamu, mara nyingi nje ya nyumba. Chandarua cha kitandani hakikumfikiria yeye.

Kipimo cha haraka cha malaria hakihitaji umeme, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Mimi ningekipeleka mnadani, pamoja na mhudumu na dawa. Mfugaji anaweza kukosa kliniki mwaka mzima, lakini siku ya mnada utamkuta.