Wakili wa uhamiaji anafanya kazi gani? Haya hapa ya kujua kabla ya kuomba kibali

Kampuni moja Dar es Salaam imempata fundi mitambo kutoka nje. Mkataba umesainiwa, tiketi imekatwa, naye anaingia nchini kwa visa ya matembezi. Wiki inayofuata yuko kazini. Hapo tayari kuna kosa, na linamgusa mgeni pamoja na bosi wake.

Wengi humtafuta wakili wa uhamiaji mambo yakishafika hapo. Ni afadhali kumwona mapema.

Vibali viwili, si kimoja

Tanzania, chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, mgeni anayeajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Wakili huanza kwa kumwelekeza mteja kwenye daraja sahihi la ukaazi: A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la walioajiriwa, C la wengine, wakiwemo wanafunzi, watafiti na wamisionari.

Kwa kampuni

Wakili hukagua mkataba na vyeti, huandaa maombi, na husaidia kuandika mpango wa kurithisha kazi, yaani jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika nafasi hiyo. Pia huangalia kalenda: kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, halafu kinahuishwa.

Kwa mtu binafsi

Hapa kuna mwenza na watoto wanaomfuata mwajiriwa, mtu aliyepitiliza muda wa kukaa, au ombi lililokataliwa. Wakili husoma sababu za kukataliwa, kisha hushauri kama ni kukata rufaa au kuomba upya.

Asichoweza kufanya

Wakili hatoi visa. Mwenye uamuzi ni serikali, kwa hiyo anayeahidi "asilimia mia unapata" akimbiwe haraka. Huenda ni kishoka, na nyaraka za kughushi zikikamatwa, jina lililo kwenye ombi ni la mteja.

Kabla ya kulipa, jina la wakili litafutwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ada ya serikali ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, si kwenye simu ya mtu. Ada ya wakili ni malipo mengine, nayo iwe na risiti yake.