Programu-Jalizi na Usomaji wa Nyaraka katika Vivinjari: Mfano wa Maandishi ya Singida

Maandishi mengi ya kitaalamu juu ya lugha na watu wa Singida hayakuandikiwa Singida. Eberhard von Sick alieleza habari za Wanyaturu kwa Kijerumani mwaka 1915. Howard Olson alichambua sauti na maumbo ya Kinyaturu kwa Kiingereza, katika tasnifu aliyoitoa Marekani miaka ya 1960. Kwa mwalimu wa Kiomboi au Nduguti, aliye mbali na maktaba kubwa, njia ya karibu ya kuzifikia kazi za namna hii ni picha za kurasa zinazoletwa kwa intaneti. Basi jinsi kivinjari, au kisakuzi kama wengine wasemavyo, kinavyoufungua waraka si jambo la mafundi peke yao; lawahusu pia wachunguzi wa lugha.

Vivinjari vya kwanza havikujua kusoma nyaraka za kila namna. Mosaic, kilichotolewa mwaka 1993, kilionyesha maandishi na picha za kurasa za intaneti. Faili ya namna nyingine kiliikabidhi kwa programu ya nje, ikafunguka katika dirisha lake yenyewe. Mwaka huo huo kampuni ya Adobe ilitoa muundo wa PDF, unaouhifadhi ukurasa kama ulivyopangwa kwa kupigwa chapa. Wahandisi wake walitaka ukurasa huo uonekane ndani ya kivinjari, na kwa haja hiyo Netscape Navigator 2.0, cha mwaka 1996, kikafungua mlango kwa programu za wengine. Ndizo ziitwazo programu-jalizi. Jina hili lafaa sana, kwani kujaliza ni kukijaza kilichopungua, na upungufu wa kivinjari ndio uliowapa wageni hao kazi.

Walakini mgeni alikuja na masharti. Ilibidi ashushwe kutoka intaneti na kuwekwa katika kompyuta, na katika kompyuta za ofisi au shule mwenye ruhusa ya kuweka programu aghalabu ni mmoja. Tena, kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya intaneti baina ya Tanzania na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya polepole. Zaidi ya hayo, programu-jalizi ilikuwa na uwezo mwingi ndani ya kompyuta. Kasoro yake iliweza kuwa mwanya wa wadukuzi, au kukiangusha kivinjari kizima.

Mwaka 2008 PDF ilifanywa kuwa kiwango cha kimataifa, na mtengenezaji yeyote akaweza kuifuata. Chrome kikapata kisomeo chake cha ndani mwaka 2010; Firefox kikafuata Februari 2013, kwa kisomeo kilichoandikwa kwa JavaScript, lugha ile ile ya kurasa za kawaida. Baadaye mlango wa kale ulifungwa: Chrome mwaka 2015, Firefox mwaka 2017, isipokuwa kwa Flash, ambayo nayo ilikoma kuhudumiwa na Adobe mwisho wa mwaka 2020.

Hapana shaka msomaji wa mbali alipata nafuu. Hata hivyo si wageni wote waliopewa chumba. Muundo wa DjVu, ulioanza kubuniwa katika maabara za AT&T mwaka 1996 kwa ajili ya vitabu vilivyopigwa picha, ulitoa faili ndogo, ukategemea programu-jalizi. Vivinjari vikubwa havikuujenga ndani yao. Mlango ulipofungwa, msomaji wake alirudi kutafuta msaada wa nje, kama zama za Mosaic. Mwaka 2016 Internet Archive iliacha kuutengenezea vitabu vipya.

Hapa ndipo penye maana ya historia hii. Zamani pengo la kivinjari liliweza kujalizwa na yeyote mwenye ufundi. Sasa watengenezaji wachache ndio huamua ni waraka gani utakaofunguka wenyewe. Kwa hiyo anayehifadhi Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu au Kihadzabe hana budi kuchagua muundo ulio wazi kwa wote, na kuziweka herufi zenyewe pamoja na picha ya ukurasa. Picha tupu huonekana, lakini neno likitafutwa ndani yake huenda lisipatikane; na kamusi isiyotafutika humsaidia mtafiti nusu ya kazi tu.